Kumsaidia Mwanafunzi Anayetatizwa na Kuandika na Kutawala Viungo: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Mombasa

Wapo wanafunzi ambao mwalimu akiwauliza swali kwa mdomo hujibu vizuri, tena kwa ufasaha, lakini akiwataka waliandike jibu lile lile daftarini huambulia mstari mmoja uliopinda, herufi zimegongana na nusu ya maneno hayasomeki. Baadhi yao pia hujikwaa mahali pasipo na kitu, humwaga chai kila asubuhi, hufunga vifungo vya shati kombo, na katika mpira huwa wa mwisho kuchaguliwa. Huku kwetu huitwa wazembe, magoigoi au wenye mikono mizito. Wengine huchapwa kwa sababu ya hati mbaya, ijapokuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kupigwa.

Wataalamu huyataja matatizo haya kwa majina mawili. Disgrafia ni ugumu wa kudumu wa kuandika, iwe ni katika kuunda herufi, katika tahajia au katika kupanga mawazo kwenye karatasi, usiolingana na umri wala akili ya mtoto. Dispraksia ni ugumu wa kupanga na kuratibu mwendo wa mwili mzima au wa mikono: misuli haina kasoro, ila ubongo hupata taabu kupanga mwendo na kuurudia kwa namna ile ile kila mara. Makadirio yanayokubalika zaidi ni kwamba watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wana dispraksia, kwa hiyo mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 50 atarajie kuwa nao wawili au watatu. Matatizo haya mawili huweza kukaa kwa mtoto mmoja, na mara nyingi huandamana na ugumu wa kusoma au wa kutulia na kuzingatia.

Jambo moja litaongoza hatua zote zinazofuata: mtenganishe mtoto na mkono wake. Yale anayoyajua ni somo moja, na yale ambayo mkono wake unaweza kuyaandika ni somo jingine. Kila moja lina mafunzo yake, na kosa la moja lisiadhibiwe katika jingine.

Hatua ya kwanza: Kutazama na kukusanya ushahidi

Mwalimu asianze kwa kutoa jina la ugonjwa, bali aanze kwa kukusanya kazi za mtoto. Njia rahisi ni kuchukua sampuli tatu katika wiki moja. Ya kwanza iwe kunakili: aandike aya fupi kutoka ubaoni kwa dakika tano. Ya pili iwe maandishi yake mwenyewe juu ya jambo analolijua, kwa mfano safari ya kuvuka kwa feri ya Likoni. Ya tatu isiwe maandishi kabisa: asimulie safari hiyo hiyo kwa mdomo, na mwalimu aandike au arekodi kwa simu. Sampuli zote ziwekwe tarehe na zihifadhiwe kwenye faili.

Ukilinganisha hizo tatu, mambo mengi hujidhihirisha. Mtoto anayenakili vizuri lakini akashindwa kuandika lake mwenyewe huenda tatizo lake liko katika tahajia au katika kupanga mawazo kuliko katika mkono. Anayesimulia kwa ufasaha foleni ya watu, honi ya feri na wachuuzi wa korosho, kisha akaandika "feri kubwa watu wengi" na kuweka penseli chini, huyo ana mawazo tele ambayo mkono umeyazuia. Naye ambaye hasimulii wala haandiki anahitaji kuchunguzwa lugha na usikivu wake kabla ya kitu kingine chochote.

Mwalimu amtazame mtoto wakati anaandika, kwa kuwa daftari lililokwisha kuandikwa halionyeshi yote. Je, anakamata penseli kwa nguvu hata ncha za vidole zinageuka rangi? Karatasi inatoboka? Herufi ile ile anaianzia juu mara hii na chini mara ijayo? Anainua macho ubaoni kwa kila herufi? Mkono mwingine unaishika karatasi, au umening'inia chini ya dawati? Hali ya kuanzia herufi mahali tofauti kila mara ndiyo ishara ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba mwendo wa herufi haujakaa kichwani, hata kama umbo lake likitokea kusomeka.

Kabla ya kwenda mbele, ondoa sababu nyingine. Macho yapimwe kwanza, kwa kuwa mtoto asiyeona ubao hunakili ovyo. Umri nao uangaliwe: wataalamu wanashauri kwamba kwa kawaida mtoto asipewe jina la dispraksia kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa sababu watoto wadogo hutofautiana sana katika kukomaa. Uulize pia kama ni mashoto aliyelazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu ya dini na mila, na hakuna anayeipinga, lakini kuandika ni jambo jingine. Mtoto ambaye mkono wake wenye nguvu ni wa kushoto aachwe auandikie.

Kuna dalili ambazo si za kusubiri muhula uishe. Dispraksia humkuta mtoto tangu udogoni, na haizidi kumwangusha siku hadi siku. Mtoto aliyekuwa akiandika au akitembea vizuri kisha akaanza kupoteza uwezo huo, anayelegea upande mmoja wa mwili, anayepatwa na kifafa, au anayelalamika kuumwa kichwa kila asubuhi na kutapika, apelekwe hospitali mara moja.

Hatua ya pili: Kuzungumza na nyumbani, na chuoni pia

Mzazi akiitwa shuleni huja amejiandaa kusikia lawama. Anza kwa ile sampuli ya masimulizi. Msomee maneno ya mwanawe, kisha umwonyeshe daftari. Tofauti hiyo huongea yenyewe. Halafu muulize kuhusu nyumbani: alichelewa kutembea? Vifungo na kamba za viatu anazimudu? Akimimina maji kikombeni humwaga? Ni nani katika ukoo alikuwa hivyo? Mara nyingi baba hucheka hapo na kusema kwamba yeye mwenyewe hati yake haisomeki mpaka leo.

Kwa watoto wengi wa Mombasa kuna mwalimu wa tatu ambaye miongozo iliyoandikwa kwingine haimjui, naye ni maalim au ustadhi wa chuo cha Kurani. Mtoto wa Majengo au Kisauni hutoka shuleni alasiri akaenda madrasa, na huko huandika hati nyingine inayokwenda kutoka kulia kwenda kushoto, yenye herufi zinazoungana na nukta zinazobadilisha sauti yote. Kwa mtoto mwenye dispraksia hii ni mizigo miwili kwa siku moja kwenye mkono ule ule. Lakini chuo pia huwa mahali pa kumpumzisha, kwa kuwa kuhifadhi ni kazi ya masikio, ulimi na kumbukumbu. Mtoto aliyehifadhi juzuu ya Amma, yaani sehemu ya mwisho ya Kurani, hawezi kuitwa mjinga na mtu anayejua maana ya kazi hiyo, na ushahidi huo uingizwe kwenye faili lake la shule. Mzazi amwombe ustadhi mambo mawili tu: kazi ya kuandika ipunguzwe wakati shule inafundisha herufi upya, na nukta na herufi afundishwe kwa mpangilio mmoja usiobadilika.

Hatua ya tatu: Kupata wataalamu

Kenya ina vituo vya kuwapima watoto na kutoa nyenzo za elimu, vinavyojulikana kwa ufupi kama EARC, vilivyoanza mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Njia ya kuvifikia ni kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na barua ya mwalimu mkuu hurahisisha mambo. Upande wa afya, Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wakazi wengi bado huiita Makadara, ndipo pa kuulizia tabibu wa tiba ya shughuli, yaani yule anayemfundisha mtu kuzimudu kazi za kila siku kama kuvaa, kula na kuandika. Nendeni na zile sampuli tatu. Daktari humwona mtoto kwa dakika chache, na katika dakika hizo huenda asiandike hata neno.

Msaada darasani usingoje ripoti. Sera ya taifa ya mwaka wa 2018 kuhusu elimu ya wanafunzi wenye ulemavu imeweka wazi kwamba wasomeshwe pamoja na wenzao kwa kadiri inavyowezekana, na hakuna hatua hata moja katika zinazofuata hapa, isipokuwa ile ya mitihani, inayohitaji muhuri wa hospitali.

Hatua ya nne: Kiti, karatasi na penseli

Miguu ya mtoto iguse chini. Ikiwa inaning'inia, weka tofali au kipande cha ubao. Meza iwe karibu na kimo cha viwiko vyake akiwa amekaa. Katika dawati la wanafunzi watatu mtoto huyu asikae katikati, kwa sababu kusukumwa kiwiko mara moja kunamharibia mstari mzima. Akae mwisho wa dawati, na akiwa mashoto awe upande wa kushoto ili viwiko visigongane.

Karatasi ielekezwe: anayeandika kwa kulia aiinamishe kidogo upande wa kushoto, na mashoto aiinamishe upande wa kulia. Sehemu ya kuandikia ikiwa na mteremko kiasi, kifundo cha mkono hukaa vyema zaidi. Si lazima kununua kitu, kwani faili gumu la ofisini lenye mgongo mpana, likilazwa ubavu, linatosha. Katika miezi ya kaskazi joto na unyevu hufanya kiganja kitokwe jasho hadi karatasi inanata na wino unatapakaa. Kipande cha kitambaa safi cha pamba chini ya mkono unaoandika huondoa adha hiyo, na penseli hushinda kalamu ya wino kwa msimu wote huo.

Kuhusu namna ya kushika penseli, walimu wengi hupoteza muda mwingi kuliko inavyostahili. Mtoto anaweza kushika kwa vidole vitatu au vinne, kidole gumba kikiwa kando au kimevuka juu ya penseli, na tafiti zimeonyesha kwamba mishiko hiyo ya kawaida haitofautiani kwa kasi wala kwa usomekaji. Mshiko ubadilishwe tu kama unamuumiza au unamchosha haraka, na afadhali kabla hajafika Gredi ya 3, maana baada ya hapo mazoea yameshika mizizi. Penseli nene au fupi, au mpira uliozungushwa pale vidole vinapokaa, humsaidia anayebana kwa nguvu.

Hatua ya tano: Kufundisha herufi upya

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa pia ndipo penye imani isiyo sahihi iliyoenea. Watu hudhani kwamba mkono ukiimarishwa hati itajitengeneza: mtoto akande unga wa mahamri, akune nazi kwenye mbuzi, asuke ukili, achambue mchele. Kazi hizi ni nzuri, zinamfanya awe na manufaa nyumbani na kumpa raha ya kufaulu, na nyanya wengi wa Mji wa Kale huzifundisha kwa subira ambayo shule haina. Lakini hazifundishi kuandika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Kanada mwaka wa 2011 yalikuta kwamba mafunzo yasiyo na mazoezi ya kuandika kwenyewe, au yenye vipindi pungufu ya 20, hayakufaa kitu. Anayetaka mtoto aandike amfundishe kuandika, kwa vipindi vifupi na kwa muda mrefu. Dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10 za muhula, tayari ni vipindi 30.

Herufi zisifundishwe kwa mpangilio wa alfabeti bali kwa mwendo wa mkono. Kundi la kwanza ni zile zinazoanza kwa kuzunguka kuelekea kushoto kama c: a, o, d na g. Mtoto akizimudu hizo nne tayari anaandika *dada*, *doa*, *gogo* na *dago*, na neno lenye maana lina thamani kuliko safu nzima ya herufi tupu. Kundi la pili huanza kwa kushuka moja kwa moja: i, l, t, u na j, na hapo anapata *tui*, *taa*, *juu* na *tatu*. La tatu hushuka, likapanda juu ya mstari ule ule na kupinda: r, n, m, h, b na p, nalo linaongeza *nanga*, *maji* na *bahari*. La nne ni la mistari ya kukingama: k, v, w, y na z, na *wavuvi* na *kivuko* huandikika. Zinazobaki, yaani e, f na s, zifundishwe mwishoni mojamoja, kwa kuwa kila moja ina mwendo wake.

Kila herufi iwe na maneno yake ya kuongoza mkono, yasiyobadilika, na mtoto ayaseme kwa sauti anapoandika. Kwa a: "zunguka, panda, shuka." Kwa n: "shuka, rudi juu, pinda, shuka." Mwalimu, mzazi na kaka mkubwa anayesaidia usiku watumie maneno hayo hayo; wakitofautiana, mtoto anafundishwa herufi tatu badala ya moja. Aanze kwa ukubwa, kwa kidole kwenye sinia la mchanga wa pwani au kwa chaki sakafuni, lakini asikae huko siku nyingi. Ndani ya kipindi kile kile ahamie kwenye daftari, maana mwendo wa bega zima si mwendo wa vidole.

Mwisho wa kila mstari asisahihishwe na mwalimu. Aulizwe: "Ni ipi umeipenda zaidi hapa?" Aizungushie duara herufi moja, aseme kwa nini, kisha aandike nyingine inayofanana nayo. Kujikagua huko kuna nguvu kuliko wino mwekundu.

Lugha yetu ina ugumu wake na wepesi wake. Wepesi ni kwamba tahajia ya Kiswahili hufuata sauti, kwa hiyo mtoto anayelisikia neno sawasawa anaweza kuliandika bila kukariri, isipokuwa pale penye herufi zinazoshirikiana kama *ng'*, *ny*, *dh*, *gh* na *th*. Ugumu ni urefu wa maneno. Chukua kitenzi *hawakutuandikia* kilichoandikwa ubaoni. Kina herufi 15. Mtoto anayenakili herufi mojamoja atainua macho mara 15, na popote katika safari hizo anaweza kupotea, akarudia *ku* mara mbili au akaruka *tu*. Mfundishe kunakili kwa silabi: aliseme neno lote, aligawe *ha-wa-ku-tu-a-ndi-ki-a*, achukue silabi mbili, azitamke kwa sauti ya chini huku akiziandika, kisha ndipo ainue macho tena. Anainua mara nne. Walimu wanaoandika ubaoni sentensi za mfano wanaweza kumrahisishia zaidi kwa kutia alama ndogo ya rangi chini ya kila silabi ya pili.

Hatua ya sita: Kuyaachia huru masomo mengine

Wakati mkono unafundishwa, elimu isisimame. Kipindi cha Sayansi si kipindi cha hati. Mwalimu ampe mtoto muhtasari uliokwisha kuandikwa, au aruhusu daftari la jirani lipigwe picha, na yeye aandike maneno muhimu tu. Maswali ya marudio ajibu kwa mdomo, kwa kuchagua, au kwa kujaza mapengo. Kazi ya nyumbani ikiwa maswali 10, afanye yale 5 yanayoonyesha kwamba ameelewa. Mwenzake akilalamika kwamba si haki, aelezwe kwamba anayevaa miwani hajapendelewa.

Katika Hisabati, hesabu nyingi zinazotiwa kosa ni hesabu sahihi zilizopotoka kwenye safu: mamoja yamekaa chini ya makumi, na jibu limekuwa la ajabu. Daftari la miraba, tarakimu moja kwa kila mraba, hulimaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Rula iwekwe kipande cha utepe chini ili isiteleze. Bikari inamshinda mtoto huyu kwa sababu inataka mkono mmoja ubane na mwingine uzungushe. Azungushe karatasi badala ya bikari, au mwenzake achore na yeye aelekeze.

Insha inahitaji maelezo zaidi. Kuandika insha ni kutafuta wazo, kulipanga, kuchagua maneno, kukumbuka tahajia na kuunda herufi, yote kwa wakati mmoja, na mtoto ambaye kila herufi bado inamgharimu fikra atakuwa amelisahau wazo kabla hajafika kwenye nukta. Zigawe kazi hizo kwa siku. Jumatatu asimulie, na mtu mwingine aandike au simu irekodi. Jumanne achore visanduku vitatu, cha mwanzo, cha kati na cha mwisho, na atie maneno mawili matatu katika kila kimoja. Jumatano aandike kisanduku kimoja tu. Usahihishaji nao ugawanywe: alama ya maudhui iandikwe peke yake na alama ya hati peke yake, zisichanganywe kamwe.

Kuchapa kwa vidole ni njia halali, wala si kukata tamaa. Shule nyingi za umma zilipokea vishikwambi katika mpango wa serikali ulioanza mwaka wa 2016, na vingi vimefungiwa kabatini; mtoto huyu ndiye wa kwanza kustahili kuvitoa. Lakini kuchapa nako ni mwendo wa kujifunza. Bila mazoezi ya dakika chache kila siku atakuwa polepole kibodini kama alivyo polepole kwa penseli. Simu nyingi za sasa huweza pia kusikiliza Kiswahili na kukiandika, ingawa huvurugwa na kelele za darasa na lafudhi ya Kimvita.

Hatua ya saba: Vifungo, viatu na uwanja

Katika Kanada, Helene Polatajko na Angela Mandich walibuni utaratibu wa kumfundisha mtoto kama huyu atatue tatizo lake mwenyewe kwa hatua nne: lengo, mpango, tendo, ukaguzi. Mapendekezo ya kimataifa kuhusu dispraksia yaliyotolewa mwaka wa 2019 yanaunga mkono njia za aina hii, zinazofundisha kazi yenyewe. Tuseme msichana wa miaka minane anataka kufunga vifungo vya sare bila kusaidiwa. Lengo analitaja yeye. Anajaribu, na mama anatazama bila kugusa. Anaanzia juu, kidevu kinamzuia asione, na kifungo cha pili kinaingia tundu la tatu. Mama hamwambii dawa, bali anauliza: "Ni kipi unachokiona vizuri zaidi?" Msichana anatazama chini na kuona kwamba ni cha mwisho. Mpango mpya ni kuanzia chini. Anatenda, kisha anakagua: pande mbili za shati zimelingana. Kwa sababu mpango ni wake, kesho ataukumbuka.

Kwa kazi zenye hatua nyingi, kama kufunga kamba za viatu, anza na mwisho. Mzazi afanye hatua zote isipokuwa ya mwisho, ambayo ni ya mtoto. Akiimudu, aachiwe mbili za mwisho. Kwa njia hiyo kila jaribio huishia kwa kufaulu. Na kama asubuhi ni fupi na gari la shule liko nje likipiga honi, viatu vya kunata havina aibu yoyote.

Katika michezo, asiondolewe uwanjani. Kuogelea, kutembea, kuendesha baiskeli akishajifunza, na kukimbia humfaa kuliko michezo ya mpira inayotaka kukisia kasi ya kitu na ya watu wengine kwa pamoja. Baharini awe na mtu mzima karibu, kwa muda mrefu kuliko ndugu zake.

Hatua ya nane: Mitihani

Baraza la Kitaifa la Mitihani hutoa nafasi maalum kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, na maombi hupitia kwa mwalimu mkuu wakati wa usajili, yakiwa na ripoti ya wataalamu. Ndiyo sababu hatua ya tatu isisubiri Gredi ya 6, mtoto anapofanya KPSEA, tathmini ya mwisho wa shule ya msingi, au Gredi ya 9, anapofanya KJSEA, tathmini ya mwisho wa sekondari ya chini. Nafasi yoyote inayoombwa, iwe muda wa ziada au mwandishi, iwe tayari ndiyo kawaida ya mtoto katika mitihani ya shule. Kumtamkia mtu mwingine majibu ayaandike ni ustadi unaohitaji mazoezi, na mtoto anayekutana nao kwa mara ya kwanza siku ya mtihani hubabaika. Pale ambapo majibu hutiwa kwa kujaza visanduku vidogo kwa penseli, kujaza huko pia kuzoezwe, kwani kuruka mstari mmoja huharibu majibu yote yanayofuata.

Hatua ya tisa: Kukagua na kukabidhi

Mwisho wa kila muhula rudieni sampuli zile zile tatu, kwa aya yenye urefu ule ule na dakika zile zile tano. Hesabuni herufi zinazosomeka kwa dakika. Usomekaji ukipanda na kasi ikabaki chini, ongezeni mazoezi ya maneno mazima. Kasi ikipanda na usomekaji ukaanguka, rudini kwenye kujikagua. Ikiwa baada ya muhula mzima wa vipindi kamili hakuna kilichosogea, kibodi iwe njia kuu ya kuandikia, na mkono ubakiwe na jina lake, saini, tarehe na ujumbe mfupi.

Mtoto anapohamia Gredi ya 7 mwalimu mmoja anayemjua anakuwa walimu wengi wasiomjua. Andikeni ukurasa mmoja, mtoto akiwepo na akisema lake: anachokiweza, kinachomkwamisha, mahali anapokaa, aina ya daftari la Hisabati, muda wa ziada anaopewa, na namna anavyopenda kuulizwa maswali mbele ya wenzake. Nakala moja ipewe mwalimu mkuu, moja kila mwalimu wa somo, moja ustadhi, na moja mtoto abaki nayo mkobani mwake.